Karatasi Ambayo Gundula Prell Hakuisaini

Gundula Prell alikuwa mkaguzi wa sahani, na kwa mkaguzi kila sahani ni mbovu mpaka ijitetee. Kazi yenyewe ilikuwa hivi: sahani inatoka tanuri la mwisho, unaishika kwa vidole vitatu, unaigonga ukingoni kwa kijiti cha mbao, unasikiliza. Ikilia vizuri, inakwenda kufungwa. Ikitoa mlio mkavu kama sauti ya mtu mwenye mafua, ndani kuna ufa hata kama jicho halioni, na unaitupa pipani. Gundula alikuwa ameifanya kazi hiyo miaka ishirini na sita katika kiwanda chetu cha vyombo vya kauri nyeupe, huku Franken ya Juu, Ujerumani, ambako ukipanda kilima nyuma ya kituo cha reli unaiona Ucheki. Kumi na tisa ya miaka hiyo nilikaa naye meza moja.

Kazi ilikuwa imemwingia mwilini. Sokoni alilitikisa kila yai sikioni kabla ya kulinunua, mwenye mayai anamtazama. Mchungaji akiisifu keki yake ya plamu, alirudi nyumbani akijiuliza mchungaji anataka nini. Mumewe alipofariki, alimwuliza daktari maswali saa nzima, na daktari akaniambia mimi, kwa kuwa nilikuwa nimemsindikiza, kwamba hajawahi kuhojiwa hivyo hata na polisi.

Mimi naitwa Traudl Hösl. Mengine katika haya niliyaona mwenyewe. Mengine alinieleza Gundula mwaka uliofuata, tulipoanza tena kusemezana.

Majira ya kuchipua mwaka ule waliletwa mafundi wawili, wakafunga kamera juu ya mkanda unaopitisha sahani. Kamera haikujua kitu. Ilibidi mtu aifundishe, na aliyechaguliwa ni Gundula. Kwa wiki sita alikaa mbele ya skrini yake akibonyeza vitufe: ufa, doa, tone la rangi, nzima, ufa tena. Siku moja nikamtania.

"Gundula, unamnyonyesha mtoto atakayekufukuza nyumbani."

Hakucheka. "Najua," akasema. "Nasubiri tu waniambie ni lini."

Mwezi wa tisa alikuja Reichel.

Helmut Reichel ni meneja wa kiwanda, na ni mtu wa makelele. Akigomba kwenye tanuri, wapakiaji wa malori walimsikia kule nje. Yeye alimwita Gundula "Prell" kavu, mimi "Hösl" kavu, na akikasirika aliongeza mengine. Lakini ulijua umesimama wapi naye. Basi siku hiyo alikuja kwenye meza yetu ya chakula na sinia lake, supu inamwagikia mkate, akaketi, akasema kwa sauti ya chini kabisa:

"Bi. Prell, tumefanya kazi pamoja muda wote huu. Niite Helmut."

Kwetu hilo si jambo dogo. Watu hufanya kazi pamoja miaka thelathini wakiitana bwana na bibi, na wakazikwa hivyo hivyo. Gundula alifuta mkono, akampa, akasema, "Gundula." Reichel akatabasamu, akala supu yake haraka, akaondoka. Mimi hakunipa jina.

"Umemwona?" Gundula akaniuliza. "Amenishika mkono kama daktari aliyeshaona picha za eksirei."

"Labda amezeeka tu, kawa laini."

"Reichel halainiki. Kuna kitu."

Wiki iliyofuata, siku ya Ijumaa, aliitwa ofisini kwa kile kilichoitwa mazungumzo mafupi. Alipoingia, alitazama chumba kabla hajamtazama mtu. Mapazia yalikuwa yameshushwa ingawa nje kulikuwa na mawingu. Mezani kulikuwa na jagi la maji na bilauri mbili, na Reichel si mtu wa kunywa maji. Kando ya jagi palikuwa na boksi jipya la tishu, na tishu ya kwanza ilikuwa imeshavutwa nusu, tayari kwa kuchukuliwa.

"Gundula," Reichel akaanza, "nina habari ngumu. Tunaondoa ukaguzi wa mezani. Nafasi yako inakwisha."

Halafu akanyamaza. Gundula aliniambia kwamba kimya kile ndicho kilichomtisha kuliko maneno. Reichel hakuwahi kunyamaza maishani mwake. Alikaa akimtazama, si machoni, bali katikati ya nyusi.

"Ninaelewa kwamba hili linakuumiza," akasema baadaye.

"Nani kasema linaniumiza?"

"Ninaelewa kwamba unahitaji muda wa kulipokea."

Alipokuwa akisema hivyo, macho yake yalishuka kwenye karatasi iliyokuwa chini ya mkono wake. Gundula ana macho ya kuona nywele ndani ya rangi ya maziwa. Alisoma karatasi ile kichwa chini miguu juu: moja, sema wazi, mbili, nyamaza, tatu, onyesha kuelewa, nne, toa karatasi. Namba zilikuwa zimeandikwa kwa wino mwekundu. Baadaye tulisikia kwamba kampuni ilikuwa imempeleka Bayreuth kwenye kozi ya siku mbili, kujifunza namna ya kumwachisha mtu kazi.

Basi ikafika namba nne. Reichel alimsukumia mkataba wa kuachana. Ulisema kwamba pande mbili zimekubaliana kwa hiari kumaliza kazi mwisho wa mwaka, na Gundula atapewa kifuta jasho. Alitakiwa asaini kabla ya Jumatatu mchana. Baada ya hapo kifuta jasho hakipo tena.

Na hapo Reichel, nadhani kwa kutaka kuwa mwema, aliongeza lake ambalo halikuwa kwenye karatasi.

"Tena kuna mgongo wako ule. Kukaa siku nzima kwenye kiti kile hakukufai. Sasa utapumzika."

Mgongo ulikuwa umemkamata Gundula Pentekoste. Hakuomba siku hata moja ya kuugua. Alikwenda kukandwa jioni, mji wa pili, ili asionekane. Binti yake hakujua. Alikuwa amemwambia mtu mmoja tu, na mtu huyo ni mimi.

Aliikunja karatasi mara mbili, akasimama. "Sisaini kitu leo, Bwana Reichel."

"Helmut," akasema Reichel.

"Bwana Reichel."

Alirudi mezani nikamwuliza kumetokea nini. Akanitazama kwa namna ambayo nilikuwa nimemwona akiitazama sahani mara elfu, ila mimi hakunigonga. Alikichukua kiti chake akakiburuta mpaka mwisho wa meza, akaanza kazi. Nilidhani ni mshtuko. Jumatatu alikula na wapakiaji. Jumanne nikampelekea plamu nyumbani, na kwa kuwa hakufungua mlango, nikatundika mfuko kwenye kitasa. Nilipopita mwisho wa wiki mfuko ulikuwa bado pale, umejaa nyigu.

Hapo nikajua ananituhumu. Na niseme wazi: nilikisia kwa nini, kwa sababu siri ya mgongo wake nilikuwa nimeitoa. Mwezi wa sita nilimfuata Reichel nikamwambia, mpatie Prell kiti chenye egemeo, mgongo unamwua na mwenyewe hataomba hata akifa. Reichel alinijibu, "Nitaona," kwa ukali wake wa kawaida, na mimi nikalisahau. Sasa neno lile lilikuwa limetembea bila mimi. Mara tatu nilisimama kumwendea nimweleze, mara tatu nikaketi. Niliogopa uso wake.

Jumatatu ile asubuhi, kabla ya muda aliopewa kwisha, alikuwa amekwenda kwa Berthold Sommerer, mwenyekiti wa baraza la wafanyakazi, ambaye ofisi yake ni chumba kidogo nyuma ya makabati ya nguo. Alikwenda bila kumwamini. Kila Jumatano Sommerer na Reichel hucheza pamoja kwenye baa ya stesheni, ule mchezo wa kuviringisha mpira na kuangusha pini.

"Umesaini?" Sommerer akamwuliza kabla hajaketi.

"Sijasaini."

"Hata pale pa kuthibitisha umeipokea?"

"Hata peni yake sikuigusa."

"Safi. Kaa."

"Nitasimama. Kwanza niambie, Jumatano huwa unamweleza nini Reichel mkicheza?"

"Namweleza kwamba anatupa mpira kama anatupa takataka," Sommerer akasema. "Bi. Prell, usiniamini. Hiyo ni haki yako. Ila soma."

Akamfungulia kitabu cha sheria. Aliyetumikia zaidi ya miaka ishirini hupewa notisi ya miezi saba, si hiyo mitatu iliyobaki ya mwaka. Anayesaini mkataba kama ule, ofisi ya kazi inahesabu kwamba ameacha mwenyewe, na inaweza kumnyima posho ya wasio na kazi kwa wiki kumi na mbili. Na mwenye kiwanda akitaka kumwachisha mtu kwa notisi, lazima aliulize baraza kwanza, na lazima aeleze kwa nini amemchagua huyu mwenye miaka mingi na si yule mwenye michache.

"Ndiyo maana anataka uondoke kwa hiari," Sommerer akasema. "Kukufukuza kuna kazi. Kukuaga ni rahisi."

"Kwa nini alitaka mpaka leo mchana?"

"Kwa sababu mwisho wa wiki hakuna wa kumwuliza."

Gundula aliazima kile kitabu. Nyumbani alitazama mwaka kilipochapwa, asije akawa amepewa sheria iliyokufa. Halafu akapiga simu chama cha wafanyakazi kule Hof, akajitaja kwa jina la mama yake, akauliza yale yale. Akajibiwa yale yale. Kesho yake akapiga tena akiomba mtu mwingine. Jibu halikubadilika. Ndipo akamrudia Sommerer na kusema, "Sawa. Twende wote."

Kikao cha pili kilifanyika wiki tatu baadaye. Mapazia yalikuwa yamepandishwa, lakini tishu zilikuwepo.

"Gundula," Reichel akaanza na sauti yake ya Bayreuth, "ninathamini kwamba umechukua nafasi ya kutafakari..."

"Bwana Reichel, igeuze hiyo karatasi."

"Karatasi gani?"

"Hiyo yenye namba nyekundu."

Sommerer akakohoa. Reichel akaitazama karatasi kana kwamba imewekwa pale na mtu mwingine.

"Miaka yote umenipigia kelele," Gundula akasema. "Kama unanifukuza, nifukuze kwa sauti yako."

Reichel akawa mwekundu mpaka masikioni. Halafu akapasuka, na hapo tulimsikia hata sisi kule chini.

"Unadhani nimeyataka haya? Wenye kiwanda wanataka meza ifungwe! Mtu mmoja abaki na kamera, mmoja aondoke, Prell au Hösl, na mimi ndiye wa kuleta jina! Mimi!"

Karani akafungua mlango kuona kama kuna aliyekufa, akaufunga. Gundula aliniambia kwamba alishusha pumzi kwa mara ya kwanza tangu ile supu. Sasa alikuwa na mtu wa kuzungumza naye.

"Na kwa nini jina langu?"

"Kwa sababu ya mgongo wako, kwa nini tena? Hösl ni mzima."

Sommerer alikuwa akiandika.

"Unaandika nini?" Reichel akauliza.

"Ulichosema."

"Sikusema mgongo."

"Umesema, Helmut. Huyu ana miaka ishirini na sita, Hösl ana kumi na tisa. Ukimwambia hakimu umembakisha wa miaka michache kwa sababu mwenzake anaumwa mgongo, atakuuliza umemfanyia nini huyo mwenye mgongo."

"Swali langu kwanza," Gundula akasema. "Nani alikwambia habari ya mgongo wangu?"

"Hösl. Mwezi wa sita. Alikuja kukuombea kiti."

"Kiti?"

"Chenye egemeo. Akasema wewe hutaomba hata ukifa."

"Na hicho kiti kiko wapi?" Sommerer akauliza.

Reichel alijimiminia maji akanywa. "Sikukiagiza."

Waliomba mapumziko. Kwenye ngazi, Sommerer alimweleza Gundula jinsi mambo yalivyo. Kwa maneno yale, akienda mahakamani ana nafasi nzuri ya kubaki. Lakini meza itafungwa tu. Yeye akibaki, anayeondoka ni mimi.

Gundula alisimama pale, kwa maelezo ya Sommerer, akiwa ameshika mkono wa ngazi. Kisha akasema, "Turudi. Naondoka. Ila naondoka ghali."

Miaka imepita na bado sijui hakika kwa nini aliamua hivyo. Nilimwuliza mara moja. Alinijibu, "Sikukuachia wewe, usijipe ukubwa. Sikutaka kuzeeka nikiihudumia ile kamera." Labda ni kweli. Mimi ndiye niliyebaki kuihudumia, na kuna siku namwelewa, kuna siku namshuku.

Masharti yake aliyasema moja baada ya jingine bila karatasi. Iandikwe kwamba ni kiwanda kinachoondoa nafasi, wala si yeye anayeiacha, na kwamba asingekubali angepewa notisi. Miezi yote saba ilipwe, na minne ya mwisho akae nyumbani. Kifuta jasho kiongezwe. Sommerer alikuwa amemfundisha aseme jambo kisha anyamaze, na katika kunyamaza Reichel hakumweza. Kila kimya kilipozidi, Reichel alikubali kitu.

Kilichobaki ni cheti cha utumishi, na hapo ndipo palipokuwa na vita. Rasimu ilikuja baada ya siku nne. Ilisema: "Bi. Prell alijitahidi daima kutimiza kazi alizopewa, na kwa uchangamfu wake alichangia furaha ya wenzake." Gundula aliisoma akaona nzuri, na kwa sababu aliiona nzuri, akaipeleka kwa Sommerer.

Kwetu cheti cha utumishi hakiruhusiwi kumharibia mtu, kwa hiyo mabaya huandikwa kwa maneno mazuri. Sommerer alimsomea. "Alijitahidi" maana yake hakuweza. "Uchangamfu" maana yake anakunywa.

"Mimi nakunywa?"

"Kwa hati hii, tangu asubuhi."

Alipanda ngazi peke yake, mgongo na yote, akaiweka rasimu mbele ya Reichel. Reichel aliapa kwamba aliyanakili maneno kutoka kwenye fomu ya zamani na hakujua maana yake. Gundula hakumwamini, mimi namwamini. Gundula alitoa penseli akakata, akaandika juu yake maneno ya sifa kamili ambayo Sommerer alimfundisha: alizifanya kazi zake daima kwa namna iliyoturidhisha kikamilifu kabisa. Rasimu ya pili ikaja bila neno "daima", yaani si kila siku. Akairudisha. Ya tatu ikaja na "daima" lakini bila sentensi ya mwisho, ile ya kampuni kusikitika kuondokewa na mtu. Akairudisha.

"Hiyo, sheria hainilazimishi," Reichel akasema. "Nimeuliza. Kusikitika ni hiari."

"Najua. Ndiyo maana naitaka."

Reichel aligeuza peni mkononi. Safari hii, Gundula alisema, alimtazama machoni.

"Nasikitika, Prell," akasema. "Basi?"

"Andika."

Akaandika. Mkataba mpya Gundula aliusaini pale pale, baada ya kuusoma mara mbili na kuuangaza dirishani. Ule wa kwanza aliuweka nyumbani kwenye droo. Nimeuona, umekunjwa mara mbili.

Kutoka siku ile mpaka mwisho wa Januari tulifanya kazi chumba kimoja, na bado hakunisemesha. Shaka ilikuwa imemtoka, hasira ikashika mahali pake. Siku yake ya mwisho kazini aliwapa wote keki, nami akanipa kipande changu kwenye sahani bila kuniangalia. Kijiti chake aliondoka nacho.

Alikuja kwangu mwezi wa nne, Jumapili, saa ya kahawa. Nilifungua mlango, akabaki amesimama kizingitini na koti lake.

"Uliomba kiti," akasema.

"Niliomba."

"Ungeniuliza mimi kwanza."

"Ungekataa."

"Ningekataa, ndiyo. Ndiyo maana ya kuuliza, Traudl."

Nilisema nimekosa. Hakusema nimekusamehe, ila alivua koti. Tulikunywa kahawa tukazungumza habari za paa la kanisa.

Kiangazi kile aliomba kazi kwenye karakana ya lenzi za miwani, mji wa pili. Mwenye karakana, mama mmoja aitwaye Bi. Dorsch, alikisoma cheti chake mpaka chini, akavua miwani.

"Bi. Prell, kizuri hivi? Vyeti vizuri hivi huandikwa na watu wanaotaka mtu aondoke haraka. Ulifanya nini?"

"Nilikataa kusaini karatasi ya kwanza."

"Na hii aliiandika nani?"

"Nusu meneja, nusu mimi."

Bi. Dorsch akacheka, akamsukumia trei ya lenzi, akamwambia atafute mbovu. Zilikuwa tatu. Gundula alitoa nne, na ile ya nne walibishana juu yake robo saa, wakaiweka chini ya taa kubwa, mpaka Bi. Dorsch akakubali. Anafanya kazi kule mpaka leo, siku nne kwa wiki, amesimama.

Jumapili bado anakuja. Ananieleza ya Bi. Dorsch, ya binti yake, ya jirani anayeweka kuni zake upande wa uzio usio wake. Ya mwili wake hanielezi. Mara nyingine anakaa ukingoni mwa kiti na kushika meza anapoinuka, nami namimina kahawa, nangoja, siulizi.